Krimu ya Ndani ya Keki: Isimame, Isiyeyuke, na Iwe Halali

Najua wako watakaocheka. Mtu mzima wa makamo, mliyemzoea katika ukurasa huu kwa habari za vina na mizani, leo kaingia jikoni! Chekeni, lakini nisikilizeni, kwani jambo lenyewe limemgharimu umbu langu fedha, na kidogo lingemgharimu na jina lake.

Umbu langu huyo ni mjane, na riziki yake yatoka jikoni. Februari mwaka jana, nao ulikuwa Shaabani, mwezi ambao sisi watu wa pwani huozana sana kabla Ramadhani haijaingia, aliletewa oda ya keki ndogo za vikombe 120 kwa harusi ng'ambo ya Likoni. Bibi mwenye harusi alizitaka zile za Kimarekani, zenye krimu nyeupe iliyofichwa tumboni. Umbu langu akapiga siagi na sukari ya unga, akajaza, akapanga kwenye makasha, tukatia nyuma ya gari. Foleni ya feri ilituweka saa nzima na ushei, jua la saa saba likitukaanga. Tulipofika na kufunua makasha, krimu haikuwa krimu tena. Imekuwa mafuta, imezipenya keki, imelowesha hata karatasi zake.

Bibi yule hakutukana. Alizitazama, akasema, "Haya mwanangu, ndiyo majaaliwa," akalipa nusu. Umbu langu hakunena neno mpaka tukafika nyumbani, na hapo ndipo alipolia.

Basi nikaona si haki kuliachia jambo hapo. Kwanza nikauliza: hizi keki zenye siri tumboni zimetoka wapi? Asili yake ni Marekani, kwenye viwanda vya mikate. Keki ya kikombe ya Hostess ilianza kuuzwa mwaka 1919, lakini krimu ya ndani haikutiwa mpaka karibu na mwaka 1950. Nduguye mrefu, Twinkie, alizaliwa mwaka 1930 karibu na Chicago. Mtu mmoja, James Dewar, aliona vyombo vya kuokea keki za stroberi vikikaa bure msimu wa tunda hilo ukiisha, akafikiri kuvitumia kwa keki ya kujazwa krimu. Krimu yake ya kwanza ilikuwa ya ndizi. Vita Vikuu vya Pili vilipofanya ndizi kuwa adimu huko, wakaingia vanila, na vanila ikabaki. Ukiigeuza Twinkie utaona chini yake vitundu vitatu; humo ndimo krimu ilimopitishwa. Mwaka 2012 kiwanda kilipofilisika na kufungwa, Wamarekani waligombania makasha ya mwisho madukani, hata keki zikarudi tena mwaka 2013. Watu wazima kugombania keki! Lakini nani kati yetu hajagombania sambusa ya mwisho magharibi ya Ramadhani?

Nilipoufikia mlango wa viungo, hapo moyo ulinishtuka. Kwa miaka mingi orodha ya viungo vya Twinkie imetaja mafuta ya ng'ombe. Ng'ombe ni halali, lakini kachinjwa na nani, na kwa jina la nani? Kisha kuna jelatini, ambayo hupikwa kwa ngozi na mifupa, na huko Ulaya na Marekani nyingi hutokana na nguruwe. Hiyo ndiyo inayozisimamisha zile peremende laini nyeupe ambazo baadhi ya mapishi hukwambia uziyeyushe uzitie katika krimu. Ile krimu tamu nyeupe ya chupani wanayoiita Fluff ni kitu kingine. Hiyo husimama kwa ute wa yai. Tena kuna arki ya vanila, ambayo sheria ya Marekani yataka iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya kitone kinachopotea katika chakula, nami si mwanachuoni. Niliishia chuoni kwa mwalimu wangu na ubao wangu. Lakini mwenye kuuza chakula kwa Waislamu asome kopo kabla hajalifungua. Umbu langu alikata shauri moja tu: iliki. Iliki ya kusaga, kidogo, na wasiwasi wote ukaondoka, na harufu ikawa ya kwetu.

Ikabaki mas'ala ya jua. Mpwa wangu, binti wa huyo umbu langu, ndiye aliyenielewesha. "Mjomba," aliniambia, "mama hakukosea kupiga. Siagi yenyewe ndiyo haikuumbiwa Februari ya Mombasa." Na kweli. Siagi huyeyuka kabisa baina ya digrii 32 na 35, na hulegea mapema kuliko hapo. Ndani ya gari lililosimama juani, digrii hizo ni za asubuhi tu.

Wepesi wa krimu ni hewa. Nilikumbuka marehemu mama na mkate wake wa mayai, nami mtoto nimetoka chuoni, napewa bakuli nipige mayai na sukari mpaka mkono unakufa ganzi. Hapakuwa na hamira wala chochote. Hewa tuliyoipiga ndiyo iliyouinua mkate, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Katika krimu, mafuta ndiyo yanayoishika hewa hiyo. Yakiyeyuka, hewa hutoka, na kinachobaki ni mchuzi.

Dawa ni njia ya zamani ya Wamarekani wenyewe, ya kupika uji wa unga na maziwa. Mpwa wangu hufanya hivi. Huchukua vijiko vitano vya mezani vya unga wa ngano, vilivyosawazishwa, akavikoroga na kikombe cha maziwa cha mililita 240 na chembe ya chumvi mpaka pasibaki donge. Huteleka kwenye moto mdogo bila ya kuacha kukoroga, mpaka uwe mzito, mwiko ukipita uache njia nyuma yake. Huepua, akatia iliki, akafunika kwa karatasi ya plastiki iliyogusa uso wa uji ili usifanye utando. Kisha huungoja upoe. Upoe hasa! Hapa ndipo wenye haraka wanapoharibikiwa, kwani uji wenye vuguvugu huyeyusha mafuta yote.

Kando hupiga siagi gramu 115 na mafuta mazito ya mboga, yale meupe ya kopo, gramu 115, pamoja na sukari gramu 200, kwa mashine, mpaka vigeuke vyeupe na chembe za sukari zisisikike kidoleni. Mafuta hayo hustahimili joto kuliko siagi. Ukitia hayo peke yake krimu husimama kama askari, lakini huganda kwenye kaakaa na ladha hakuna. Siagi ndiyo yenye ladha. Kisha uji huingia kijiko kimoja kimoja, mashine ikizunguka. Katikati utaona kama imekatika. Usiitupe, endelea kupiga, itarudi laini kama pamba. Hutosha keki 24 na zaidi kidogo.

Kujaza ni kazi nyepesi. Keki ziwe zimepoa, utoboe juu au chini, utie mdomo wa mfuko wa kupambia, ubinye mpaka keki ifure kidogo tu. Na kwa kuwa ndani mna maziwa, zisizoliwa siku hiyo ziingie friji.

Tulifanya jaribio. Sahani mbili barazani, kivulini, adhuhuri ya Machi: moja ya siagi na sukari ya unga, moja ya uji. Nilipotoka kuswali, ya kwanza ilikuwa imekwisha kulegea na kutota. Ya pili ilisimama, ingawa ilikuwa laini kuliko ilivyotoka jikoni. Kwa feri, umbu langu sasa huongeza kasha la barafu.

Mwezi uliopita alimpelekea yule bibi wa Likoni keki sita ndani ya bakuli la kifuniko, bila ya kudai kitu. Baada ya siku mbili bakuli lilirudi na mtoto. Ndani mna halua, na kijikaratasi: zatakiwa 60 kwa akika ya mjukuu. Habari ya ile nusu haikutajwa.

"Kaka, nikubali?" umbu langu akaniuliza.

Nilimwambia adai malipo kabla hajawasha jiko. Akacheka, akaenda kupima unga.