Je, Maswali Ishirini Yaweza Kutuonyesha Sisi ni Nani?

Miongoni mwa mambo yaliyoenea mno zama zetu hizi, katika magazeti na katika simu za mkononi, ni mitihani ya kujua tabia. Kijana huulizwa maswali ishirini au thelathini: je, wapenda kukaa na watu au kukaa peke yako? Je, wafuata akili au moyo? Akisha kujibu, hupewa maelezo yamwambiayo yeye ni mtu wa namna gani, kazi gani itamfaa, na mke au mume wa namna gani atapatana naye. Naye huyasoma, akastaajabu, akasema: "Huyu ndiye mimi khasa!"

Hatusemi ya kuwa kila mtihani wa tabia ni uwongo. Lakini staajabu hiyo si dalili ya kuwa aliyoambiwa ni kweli, na jambo hili lilidhihirishwa zamani, tena na mtaalamu wa elimu ya nafsi mwenyewe.

Mwaka 1948, huko Marekani, mwalimu wa elimu hiyo aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia. Baada ya juma moja akamkabidhi kila mmoja karatasi yenye jina lake, kana kwamba hayo ndiyo yaliyopatikana katika majibu yake. Kisha akawataka watoe alama, tangu 0 hata 5, kwa kadiri karatasi ilivyowaeleza sawasawa. Wastani wa alama zao ulikuwa 4.26. Ndipo mwalimu alipoifichua siri: maneno ya karatasi zote yalikuwa yale yale, tena mengi aliyatoa katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa pamoja na magazeti. Darasa zima likaangua kicheko.

Hapa twawaomba wasomaji wetu wafikiri kidogo. Nyumba zetu nyingi, alhamdulillahi, zimewafungia mlango wapiga ramli na wanajimu, maana dini yetu imetukataza kuwaendea. Lakini maneno yale yale ya mnajimu, yalipovishwa vazi la elimu, vijana wasomi waliyapokea bila ya kuuliza. Basi yafaa tujiulize: je, sisi tumeukimbia upuuzi wenyewe, au tumelikimbia jina lake tu?

Na maneno hayo yalikuwa gani? Yalisema kwamba msomaji apenda watu wampende. Kwamba hujilaumu sana. Kwamba anao uwezo mwingi asioutumia bado. Kwamba kwa nje huonekana imara, na ndani ana wasiwasi. Kwamba pengine huchangamka na watu, na pengine hujitenga. Ni nani duniani asiyekuwa hivyo? Maneno ya namna hii hushika kwa sababu tatu. Kwanza, ni ya jumla. Pili, yana pande mbili, hata upande mmoja usipompata mtu, wa pili utampata. Tatu, yana sifa ndani yake, nasi wanadamu ni wepesi wa kuamini tukisifiwa. Kisha msomaji mwenyewe hukumbuka siku moja au mbili zilizofanana na aliyoyasoma, akazisahau siku mia zisizofanana. Kanzu imwingiayo kila mtu haikukatwa kwa kipimo cha mtu yeyote.

Wala isidhaniwe kuwa huo ulikuwa utoto wa wanafunzi. Mwaka 1958 Ross Stagner alieleza jinsi alivyowajaribu kwa hila hiyo wakuu 68 wenye kazi ya kuajiri watu. Wao nao, ambao kuwapima watu ndiyo kazi yao, wengi wakasema wameelezwa barabara.

Madhara yake ni makubwa pale maneno hayo yanapogeuka kuwa hukumu. Mzazi akiambiwa mwanawe si mtu wa watu, huacha kumtuma dukani na kumpeleka kwa jamaa, na mtoto akawa hivyo kweli kwa kukosa mazoezi. Binti humkataa mchumba mwema kwa kuwa herufi zao hazikulingana katika ule mtihani mashuhuri wa namna 16 za watu. Mtihani huo ulitungwa na Isabel Briggs Myers na mama yake, Katharine Briggs, ambao hawakuwa wamesomea elimu ya nafsi. Na wengi waurudiao baada ya majuma machache hutoka katika namna nyingine. Mizani ya duka ikisema leo kilo mbili na kesho kilo tatu kwa sukari ile ile, hapana mama wa nyumbani atakayeiamini. Mbona basi tuiamini katika kumpima mwana wa watu?

Lipo jaribio jepesi liwezalo kufanywa nyumbani baada ya chakula cha usiku. Mmoja ayasome kwa sauti maelezo ya ndugu yake bila ya kumtaja. Wote wakisema, "Huyo ni mimi," basi maelezo hayo hayana khabari ya mtu yeyote. Tena tuulize: maelezo haya yamesema nini ambacho chaweza kuonekana kuwa si kweli? Na ni nani apataye faida tukiyaamini?

Lakini tusiitupe elimu yote kwa makosa ya wachuuzi wake. Aliyeifichua hila hii alikuwa mtaalamu wa elimu iyo hiyo, na huo ndio uungwana wa elimu, kwamba hujipima yenyewe. Mwenye huzuni nzito isiyomwondoka, au aliyepotewa na usingizi siku nyingi, na aende kwa tabibu ajuaye kazi yake, wala asione haya.

Na atakaye kumjua mchumba, wazee wetu walikuwa na njia yao: kuwauliza majirani zake, na waliosafiri naye, na waliofanya naye biashara. Njia hiyo ni ndefu kuliko maswali ishirini, lakini majibu yake ni ya mtu mmoja, si ya watu wote. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuridhika kwa kuwa jibu limetupendeza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyomo vifuani.