Transfoma ya mashine ya kusaga: kweli au si kweli?

"Mota ni ya kilowati 15, basi transfoma ya kVA 15 inatosha."

Si kweli. Kilowati za kwenye kibao cha mota ni kazi inayotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni zaidi, maana sehemu yake hupotea kama joto, na sehemu ya mkondo hujenga sumaku tu bila kusaga hata punje moja. Mkondo huo nao hupita kwenye koili za transfoma na kuzipasha moto, ndiyo maana transfoma hupimwa kwa kVA. Gawa 15 kwa ufanisi wa 0.9, kisha kwa pawafakta ya 0.85: unapata karibu kVA 20.

"Basi ya kVA 25 haina shida."

Kwa kusaga, kweli. Shida iko kwenye kuwasha. Mota hiyo ikiwa kwenye fezi tatu za volti 400 inakula ampea 28 hivi, na transfoma ya kVA 25 inabeba 36. Lakini ukiiwasha moja kwa moja, kwa sekunde chache inaweza kuvuta mara sita: ampea 170. Transfoma haitaungua kwa muda mfupi hivyo. Kinachoumia ni volti. Simama kwenye kibanda cha mashine jioni utaona: swichi inabonyezwa, taa inafifia, kontakta inatetemeka, mkanda unalia. Volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu ya kuzungusha inabaki asilimia 64 tu. Kinu kikiwa kimejaa mahindi, mota haichukui kasi, inaendelea kuvuta, na koili zake zinaungua. Fundi aliyeisuka analaumiwa bure, na jambo hili linaniuma.

Funga stata ya staa-delta. Mkondo wa kuwashia hushuka hadi theluthi, ampea kama 57. Nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, kwa hiyo washa kinu kikiwa kitupu, ndipo umimine mahindi.

"Transfoma kubwa zaidi ndiyo salama zaidi."

Si kweli hivyo hivyo tu. Chuma cha ndani hula umeme usiku na mchana, hata kinu kikiwa kimelala. Chuma kikila wati 200, ni karibu uniti tano kila siku, na transfoma ikiwa nyuma ya mita yako, unazilipa wewe. Acha nafasi ya mashine ya pili kama kweli unaitarajia, usivuke hapo.

"Transfoma ya kVA 50 inaweza kuzidiwa kabla mzigo haujafika 50."

Kweli kabisa, na wengi hawaamini. Uwezo huo umegawanyika katika fezi tatu, kila moja ampea 72. Nyumba nyingi na mashine ya kuchomelea zikirundikwa kwenye fezi moja, koili ya fezi hiyo inachemka huku mbili nyingine zikiwa karibu tupu. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la koili huongezeka mara nne. Kwa hiyo kabla ya kuagiza transfoma kubwa, mwite fundi apime ampea za kila fezi saa moja usiku, watu wakiwa wamewasha taa na televisheni na mchomeleaji hajafunga kazi.