Iten, ukumbi wa mashujaa uliopandwa badala ya kujengwa

UKITOKA Eldoret kuelekea Iten, utalakiwa na lango lililopita juu ya barabara likikujulisha kwamba umefika nyumbani kwa mabingwa. Wageni hupenda sana kupigia picha hapo. Lakini majina ya mabingwa wenyewe hayako langoni. Yako ndani ya mji, kwenye uwanja wa Shule ya Upili ya St Patrick's, na yamewekwa kwenye miti.

Kwingineko duniani nyota wa michezo hujengewa ukumbi wa mashujaa: jumba, picha ukutani, sherehe ya suti na tai. Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 Mexico 1968 na ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Munich 1972, aliingizwa katika ukumbi wa shirikisho la riadha duniani mwaka 2012. Iten waliona mche unatosha. Mwanafunzi wa zamani akitikisa dunia, mti hupandwa shuleni kwa heshima yake na kuwekewa kibao. Kijana wa kidato cha kwanza anayewahi darasani asichapwe na kengele hupita hapo kila siku. Hahitaji tiketi wala kiongozi wa watalii.

Na usidhani ni majina ya kubahatisha. Mike Boit, aliyeleta shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, alisoma hapa. Huyu bwana alikuwa moto wa kuotea mbali miaka iliyofuata, ila Kenya ilisusia Olimpiki za Montreal 1976, kisha Moscow 1980. Miaka yake bora ikapita hivyo hivyo. Baadaye akawa profesa.

Ibrahim Hussein pia ni wa St Patrick's. Ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda New York Marathon, mwaka 1987. Mwaka uliofuata alishinda Boston akiwa mbele ya Mtanzania Juma Ikangaa kwa sekunde moja tu, baada ya kilomita 42. Alirudi kushinda tena 1991 na 1992. Peter Rono alitwaa dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988 akiwa na umri wa miaka 21, wakati wengi waliamini mbio hizo zilikuwa na wenyewe. Matthew Birir alishinda kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, siku ambayo Wakenya walizoa medali zote tatu. Aliyemfuata siku hiyo ni Patrick Sang, yule yule aliyekuja kuwa kocha wa Eliud Kipchoge.

Sasa, nani alikuwa nyuma ya vijana hawa?

Mwaka 1976 alifika Iten mtawa kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Mpango ulikuwa akae miezi michache. Hakuwa kocha na hakuwa amesomea riadha popote. Aliyekuwa akishughulikia wakimbiaji wa shule ni Peter Foster, Mwingereza, nduguye Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 kule Montreal mwaka huo huo. Foster alipoondoka, saa ya kupimia muda ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Hajaondoka. Zaidi ya miaka 40 baadaye bado alikuwa pale pale, akilea vijana wakati wa likizo za shule, kofia kichwani, akiwataka wakimbie polepole kwanza na kujifunza kuubeba mwili. Kwa mashabiki wa soka waliozoea kuona kocha akitimuliwa baada ya mechi tano, hili ni jambo la ajabu kidogo.

Hesabu moja tu inatosha kuonyesha uzito wake. Agosti 1997, Wilson Kipketer, zao la St Patrick's, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 na mara ya mwisho akaiacha dakika 1:41.11. Alikuwa akikimbilia Denmark, na wapo Wakenya ambao hadi leo jambo hilo linawauma, lakini pasipoti haifuti mahali mtu alipolelewa. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13. Aliyeivunja Agosti 2010 ni David Rudisha, kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris aliyesomea Kimuron, akinolewa na Bruda Colm yule yule. Agosti 9, 2012 mjini London, Rudisha aliongoza fainali ya Olimpiki mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa 1:40.91. Rekodi ya mbio moja ikatoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine wa mwalimu mmoja.

Wasichana hawakuachwa, ingawa St Patrick's ni shule ya wavulana. Sally Barsosio, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 1997 akiwa bado kinda, alipitia kwake. Vivyo hivyo Janeth Jepkosgei, bingwa wa mita 800 Osaka 2007.

Makocha ndio husahaulika haraka katika heshima hizi. Kelvin Kiptum, mzawa wa kaunti hii ya Elgeyo Marakwet, alikimbia marathon ya Chicago kwa saa 2:00:35 Oktoba 2023. Februari 11, 2024 alifariki katika ajali ya barabarani. Ndani ya gari hilo alikuwemo kocha wake, Gervais Hakizimana kutoka Rwanda, naye akafariki. Dunia ilimlilia Kiptum, na ilistahili. Jina la Hakizimana lilitajwa aya ya nne, ya tano. Soka nalo halina la kujivunia: City Stadium jijini Nairobi ilipewa jina la Joe Kadenge mwaka 2019, mwaka ule ule gwiji huyo alipoaga dunia.

Jambo jingine linalokera Iten ni Kamariny. Huu ndio uwanja wa vumbi uliotoa mabingwa kwa miongo mingi. Serikali ikaufunga ili iukarabati uwe wa kisasa, kisha kazi ikakwama miaka nenda miaka rudi. Lornah Kiplagat, aliyekuwa bingwa wa dunia wa nusu marathon, alijenga uwanja wake mwenyewe wa tartani mjini humo. Wasio na nafasi hapo hupanda matatu na kuteremka bonde hadi Tambach, kwenye uwanja wa udongo wa chuo cha ualimu. Mvua ikinyesha, mazoezi ya kasi hugeuka kuwa ya kukwepa madimbwi. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya mwanariadha mwenyewe, hata yule wa miaka 16 ambaye bado hajashinda chochote cha kupandiwa mti.