Kusimulia Habari kwa Picha

Mtu atakaye kusimulia habari kwa picha, na aanze kwa kumzoea yule atakayempiga picha. Mwaka 1948 W. Eugene Smith, mpiga picha wa gazeti la Life la Marekani, alikwenda Kremmling, mji mdogo wa milimani huko Colorado, akafuatana na daktari Ernest Ceriani kwa siku 23. Mwanzoni hakutia filamu katika kamera. Alifyatua bure tu, hata daktari akamzoea asimjali tena. Ndipo alipoanza kazi yenyewe.

Hebu tazameni alivyochagua. Picha moja yamwonyesha daktari akivuka uwanja wa magugu, mkoba mkononi, mawingu mazito juu yake: basi mahali tumepajua. Nyingine ni ya mtoto aliyepigwa teke na farasi, na daktari anamtazama kwa wasiwasi. Kazi nayo tumeijua. Kisha yuko jikoni usiku, ameegemea, kikombe mkononi, macho hayatazami kitu. Hapo uchovu wauona, lakini sababu huioni. Hiyo haina budi kuandikwa chini kwa maneno machache: ametoka kumpasua mama mzazi, na mama na mtoto wote wawili wamekufa.