Mgeni wa Saa 24 na Mgeni wa Miaka 80

"Nimetoka polisi."

Hiyo ndiyo meseji niliyoamka nayo asubuhi moja hapa Ukunda, imetumwa kwa WeChat na jamaa yangu anayesoma China. Kwa kijana aliyekulia Pwani Kusini, maneno hayo yana maana moja tu. Niliketi kitandani nikaanza hesabu: nani atamwambia mamake, nani ana pesa, nani anamjua mtu ubalozini Beijing. Nikampigia. Akapokea huku anatafuna kitu.

"Ah, tulia bana. Nilienda kujiandikisha tu. Nimehama nyumba jana."

Nilicheka kwa hasira. Yaani mtu amehama nyumba, amebeba godoro, halafu kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda polisi kusema amehama? Kumbe ndivyo ilivyo kule. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema mgeni akilala hotelini, hoteli ndiyo inamwandikisha. Akilala kwingine kokote, iwe nyumba ya kupanga au kwa rafiki, ana saa 24 tu za kujitokeza mbele ya polisi wa mtaa, yeye au mwenyeji wake. Wa mashambani sawa, wa mjini sawa.

Unabeba pasipoti, mkataba wa nyumba na karatasi za mwenye nyumba. Afisa anaandika jina lako, viza yako, unaishi wapi, mpaka lini. Anapiga mhuri mwekundu, anakukabidhi karatasi moja nyembamba hivi. Hiyo karatasi ndiyo maisha. Bila hiyo hupewi kibali cha kukaa, na mwanafunzi wa masomo marefu ana siku 30 tu tangu aingie za kukiomba hicho kibali. Ukihama, unaanza upya. Ukipata viza mpya, hivyo hivyo. Kuna miji siku hizi unajaza kwa simu, lakini kwake yeye bado ni kupanga foleni.

Na ukipuuza? Onyo, au faini ya hadi yuan 2,000. Yeye lilimpata la onyo. Mwenye nyumba wake wa kwanza hakutaka kusumbuliwa, akamzungusha siku tatu. Alipofika kituoni afisa alimkanya weee, akamtilisha saini karatasi asiyoielewa, halafu akamletea kikombe cha maji moto. Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa.

Nikamuuliza kama haoni vibaya, mtu mzima kuripoti kama mwanafunzi aliyechelewa asubuhi.

Akanyamaza kidogo. "Bro, angalau wanajua niko."

Sasa, mimi si mtoto, najua karatasi haimkingi mtu na kila kitu. Aprili 2020, wakati wa corona, Waafrika wengi mjini Guangzhou walifukuzwa kwenye nyumba na hoteli, wengine wakalala barabarani na begi zao, na pasipoti na viza walikuwa nazo. Serikali za Afrika, yetu ikiwemo, zililalamika. Kuandikwa si kupendwa. Lakini lile neno lake lilinikaa, kwa sababu lilinikumbusha jamaa mwingine ambaye miaka na miaka hakuna aliyekubali kuandika kwamba yuko. Na huyo hakuwa China. Alikuwa hapa hapa, mwendo wa matatu moja kutoka kwetu.

Tumwite Fundi, maana ndivyo tulivyomwita shuleni. Ni Mmakonde wa Makongeni, kule Msambweni. Tulikaa dawati moja kidato cha tatu na cha nne. Hesabu alinikopesha yeye, Kiingereza nikamkopesha mimi. Tukafanya KCSE mwaka 2014, akanipita alama vizuri tu. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani nasimulia habari za mtu aliyeshindwa na masomo.

Nilipofika miaka 18 nilienda kwa chifu kutafuta kipande. Wazee watatu wamekaa kwenye benchi wananihoji: babu yako nani, alizikwa wapi, chifu wake alikuwa nani. Nilikasirika, nikaona wananivunjia heshima. Lakini nilikuwa na majibu, na kaburi la babu naweza kukupeleka leo. Fundi naye alikuwa na majibu. Babu yake amezikwa hapo hapo Msambweni. Shida ni kwamba babu wa babu yake amezikwa Msumbiji, na wazee wa benchi walilijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Wamakonde hawakuja Kwale kutembea. Kuanzia miaka ya 1930 waliletwa kutoka kaskazini mwa Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, ile miwa ya Ramisi ambayo wazee wetu bado wanaisimulia. Wengine wakafuata miaka ya 1960 wakikimbia vita vya kudai uhuru kule kwao. Mkoloni alihitaji mikono. Na mkoloni huyo huyo ndiye aliyetuletea neno kipande: baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyezidi miaka 16 alilazimishwa kutembea na karatasi yake ndani ya kijisanduku cha chuma, kimening'inia shingoni. Babu zetu walikichukia kile kitu kufa. Inachekesha, au haichekeshi, kwamba wajukuu zao tunakipangia foleni.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, uraia wa moja kwa moja alipewa aliyezaliwa Kenya na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye amezaliwa Kenya. Wengine waliachiwa mlango wa kuomba kwa muda mfupi. Sasa wewe niambie, mkata mkonge asiyejua kusoma, yuko shambani Kwale, angeambiwa na nani? Mlango ukafungwa. Watoto wakazaliwa, na wao wakazaa, na watoto wa hao ndio kina Fundi. Msumbiji haiwajui. Kenya haiwaandiki. Kwa lugha ya Umoja wa Mataifa ni watu wasio na utaifa. Kwa lugha ya polisi wa barabarani ni, "Wewe kijana, shuka."

Kitu kilichokuwa kikinikera zaidi ni hiki. Ukitembea barabara ya Diani utaona vinyago vya mpingo vimepangwa, na muuzaji yeyote, awe Mkamba, Mdigo, awe nani, atamwambia mtalii kwa sauti kubwa, "Makonde! Makonde!" Hilo jina ndilo linalouza. Mzungu mstaafu wa Diani, Mjerumani au Mswisi, ananunua. Na huyo mzungu, kwa sheria yetu, akikaa Kenya zaidi ya miezi mitatu anatakiwa ajiandikishe na apewe kitambulisho cha mgeni. Basi fikiria hapo barabarani wamesimama watu wawili. Mgeni ana kadi inayosema ni mgeni. Mwenyeji, aliyechonga kinyago, hana kadi inayosema chochote. Jina la kabila lake liko kwenye sebule za Hamburg, lakini kwenye daftari la chifu halipo.

Huna kipande, huna laini ya simu. Huna laini, huna M-Pesa. Hupati mkopo wa HELB, hupati cheti cha mwenendo mwema, hotelini hawakuchukui hata kufyeka majani. Huwezi kupiga kura, ardhi huwezi kuandikisha. Ukioa, watoto wako cheti cha kuzaliwa ni vita. Fundi alitumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mamangu. Hela za vinyago vyake zilikuwa zinaingia kwa mama, mama anamtoa mtoto mbio kwenda kumwita. Usiku wa msako Ukunda alikuwa halali huko, analala Makongeni ambako kila mtu ni kama yeye. Mombasa, kuvuka feri ya Likoni tu pale, alikuwa anaenda kwa kubahatisha.

Mwaka 2015 mimi nikaenda chuo Nairobi. Na mkopo nilipata. Fundi akashika patasi.

Mwaka 2011 bunge lilikuwa limepitisha sheria mpya ya uraia iliyosema watu wasio na utaifa walioishi Kenya tangu kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, wanaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Muda: miaka 5. Miaka 5 ikakatika Agosti 2016 na watu wa Makongeni bado hawajaona kitu. Ndipo Oktoba hiyo mamia ya Wamakonde, wakisaidiwa na watetezi wa haki, wakafunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kwenda kumwona Rais. Ni karibu kilomita 500. Kulikuwa na akina nyanya humo.

Hebu liangalie hilo jambo vizuri. Watu wasio na kitambulisho, ambao kizuizi kimoja cha polisi kingeweza kuwaweka ndani, wanaamua kupita kwenye barabara yenye vizuizi kuliko zote, mchana kweupe, wanaimba.

Fundi alikuwa miongoni mwao. Alinipigia, kwa simu ya mtu, kuniambia watafika tarehe 13. Mimi nilikuwa Nairobi, matatu moja tu kutoka mjini. Nikamwambia nina mtihani. Ni kweli nilikuwa na mtihani. Pia ni kweli kwamba mtihani wenyewe sikuufanya, nililala.

Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu siku hiyo, akaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Mapema 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya na kadi zikaanza kutolewa. Fundi akapata yake. Nikaja likizo akanionyesha, kaifunga kwenye nailoni mbili kama dawa. Pale kwenye pahali pa kuzaliwa pameandikwa vile vile kama pangu: Kwale. Tukaziweka kadi zetu pamoja juu ya meza ya chai na tukaziangalia bila kusema kitu.

Mwaka huo huo ndio niliacha chuo. Sitaki kuingia sana huko, kila mtu ana sababu zake, na zangu hazikuwa nzito. Ila Fundi nilipomwambia hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ada niliyokuwa nimelipa inaweza kuhamishiwa jina la mtu mwingine. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Hajaenda chuo mpaka leo. Alikuwa na mke tayari, na mtoto mmoja njiani, na ile miaka mitatu haikumngoja mahali. Ana kibanda chake Diani, ana laini yake, mtoto wake wa kwanza ana cheti cha kuzaliwa. Wanaosema Wamakonde walishapata na mambo yameisha wanazungumza kama kwamba kadi ile inarudisha tarehe nyuma. Kuna wazee Makongeni waliokufa wakisubiri. Na kuna majirani zetu Wapemba, wavuvi wa Shimoni, Vanga na kwingineko huku na Kilifi, ambao nao waliishi vivyo hivyo, wanavua samaki tunaowala bila karatasi, mpaka Julai 2023 serikali ya Rais Ruto ilipowatambua. Miaka sita baada ya Wamakonde, na wamekuwa wakiishi ufuo ule ule. Sijapata mtu wa kunieleza ni kwa nini hawakuandikwa siku moja.

Juzi niliwaunganisha, Fundi na yule wa China, kwa video. Yule wa China akaonyesha karatasi yake mpya yenye mhuri mwekundu, akaeleza mambo ya saa 24. Nilitegemea Fundi ashangae kama nilivyoshangaa mimi.

"Yaani unafika leo, kesho wamekuandika?" akauliza.

"Kesho hiyo hiyo."

"Na hawakuulizi babu?"

"Babu wa nini?"

Fundi akageuka kunitazama, akacheka mpaka patasi ikamtoka mkononi.

Mpaka leo kuna mteja mmoja wa Mombasa amekataa kubadilisha namba. Akiagiza vinyago, hela anatuma kwa laini ya mamangu. Mama anamtumia Fundi zinazobaki, baada ya kukata shilingi 100 anazosema ni za usumbufu, na Fundi kila mara anapiga simu kulalamika, kwa laini yake mwenyewe.