Redio Inayosikia Kijapani

"Adeer, redio yako haijaharibika. Imezoea Japani tu."

Mzee alinikazia macho kama mtu aliyeibiwa. Toyota Probox yake ilikuwa imetoka Mombasa wiki ile ile, ikapita Thika na Mwingi hadi daraja la Tana, na njia nzima redio inakoroma tu. Yeye shida yake ilikuwa moja: asikie Star FM, habari za Kisomali, akienda Dadaab.

Mimi hufunga redio za magari hapa Garissa, chini ya mwarobaini, na maelezo haya nimeyazoea. Redio ya Kijapani ya zamani husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90. Za karibuni hufika 95. Stesheni zetu huanzia karibu na 88 hadi 108. Kwa hiyo redio hunasa stesheni za mwanzo tu. Kuna kidude kiitwacho ekspanda, hukaa kati ya eriali na redio na kuyashusha masafa. Ni rahisi, lakini nafasi ya redio ile ya zamani ni megahezi 14 na stesheni zetu zimetawanyika kwenye 20. Lazima nyingine zibaki nje. Halafu namba unayoisoma siyo namba ya stesheni. Mzee akasema, "Toa yote, tia mpya."

Kwanza nikafungua waya hasi wa betri. Kisha nikabandua dashibodi kwa kipande cha plastiki. Bisibisi huacha makovu. Nafasi ya redio ya Toyota ina upana wa sentimita 20, redio nyingi za madukani zina 17.8. Mianya ya pembeni huzibwa kwa fremu yake, kwani vumbi la huku halibishi hodi.

Ikabaki kazi ya waya. Kwenye redio mpya, wa njano hupata umeme wakati wote, ndio unaotunza kumbukumbu. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa. Mweusi ni wa bodi. Ukibadilisha njano na nyekundu, redio husahau stesheni kila ukizima gari. Ukiunga zote mbili kwenye umeme wa kudumu, asubuhi unaweza kuikuta betri imekufa. Waya za spika huja mbili mbili: nyeupe na kijivu za mbele, kijani na zambarau za nyuma, wenye mstari mweusi ndio hasi.

Waya za gari lenyewe sizikati. Kuna soketi zinazoingia kwenye plagi za Toyota, ya pini 10 na ya pini 6. Unaunga kwenye soketi, gari linabaki zima.

Na napima volti kwanza. Zamani dereva wa lori la mifugo aliniletea redio ya gari dogo, nami kwa haraka nikaiunga. Lori lile lilikuwa la volti 24, redio inataka 12. Moshi ulitoka kabla ya sauti. Niliilipa.

Redio ya zamani nikaitia kwenye mfuko nikampa mzee: siku ukiuza gari, mnunuzi anaweza kuitaka. Nikarudisha waya wa betri, nikatafuta stesheni. Nilipoanza kumwonyesha kitufe cha sauti, aliinua kidole ninyamaze. Habari zilikuwa zimeanza.