Chupa ya Kuongeza Damu

Mama mmoja wa Mbamba Bay alifungua pindo la kanga akanionyesha chupa ya maji mekundu aliyoinunua stendi ya Mbinga, kwa muuzaji mwenye kipaza sauti. Lebo ilisema: inaongeza damu. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amepauka viganja.

"Daktari, nimpe vijiko vingapi?"

"Kwanza, mama, amepimwa malaria?"

Hakuwa amepimwa.

Damu hupungua kwa njia nyingi. Huku mwambao wa Ziwa Nyasa, malaria hupasua chembe nyekundu za damu, safura hufyonza damu utumboni, na kichocho huitoa na mkojo. Yupo pia mtoto anayelishwa uji mtupu, asiyeonjeshwa hata usipa, ambaye kweli amepungukiwa madini chuma. Huyo wa mwisho tu ndiye ambaye chupa ile inaweza kumfaa.

Utafiti uliofanywa Pemba ulitufundisha hili kwa uchungu. Watoto wa chini ya miaka mitatu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa madini chuma na foliki asidi kila siku, wengine kidonge kinachofanana nacho kisicho na dawa. Mzazi hakujua mwanawe kapata kipi. Bila kufichana hivyo, matumaini ya mzazi na ya mtafiti huhesabiwa kuwa kazi ya dawa. Mwaka 2003 utoaji wa madini chuma ulisitishwa. Matokeo ya watoto zaidi ya 24,000, yaliyochapishwa 2006, yalionyesha kuwa waliopewa madini hayo walikufa au kulazwa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Malaria wakati huo ilikuwa kali Pemba. Lakini katika kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa madini chuma walinufaika.

Mjamzito asichukulie haya kuwa ruhusa ya kuacha vidonge vyake vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Hivyo vimepimwa, na hata nyongeza juu yake imepimwa. Dar es Salaam, utafiti wa wajawazito zaidi ya 8,000 uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa kuongeza vitamini mchanganyiko juu ya vidonge hivyo kulipunguza watoto wa uzito pungufu kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Nafuu ndogo, ya kweli, na ina namba. Chupa ya stendi haikuwa na namba yoyote.

Mtoto alichomwa kidole kupimwa malaria. Mistari ikatokea miwili: anayo. Akaanza dawa ya mseto siku hiyohiyo, na mama akaambiwa amrudishe kupimwa wingi wa damu. Chupa akairudisha kwenye pindo la kanga, haijafunguliwa.